Nilizima Swapu, Baba Akalaumu Vidole Vyake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimekosa na kusema nimeshindwa. Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, na kompyuta kuukuu iliyotaka kutupwa niliichukua nikaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, nikampa baba yangu, mwalimu mstaafu, aandike maisha yake na marehemu mama, na tangu siku hiyo ananiita Injinia mbele ya majirani hadi naona haya. Sasa baba ana mtindo wake, kama alivyozoea kutandaza madaftari yote mezani akisahihisha, basi na hapa anafungua sura zote thelathini na moja kwa pamoja, ati asije akamsahau mama mahali. Mwezi uliopita nikasikia dukani kwamba swapu, lile eneo la diski ambako kompyuta huhamishia kazi kumbukumbu yake ikijaa, huchakaza diski, nami nikajifanya mjuzi nikaizima bila kumwambia, na Jumatatu kompyuta ikaganda, programu ikajifunga, sura ya siku waliyokutana ikapotea. Baba hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, ni vidole vyangu hivi, uzee umeingia," akaifunika kompyuta kwa mtandio wa mama, na hajaigusa tena. Nifanyeje?

Injinia wa Baba

Pole, Injinia. Nimekupenda bure kwa kumpa mzee kompyuta, ila hapo kwenye swapu umeniudhi. Maneno ya dukani umeyabeba mzima mzima! Diski ikichakaa utanunua nyingine, baba huyo utamnunua wapi?

Kumbukumbu ya kompyuta ni meza ya baba, swapu ni kabati la pembeni. Umeondoa kabati, madaftari yakaanguka, naye akajilaumu.

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, tengeneza faili la swapu la gigabaiti nne uliwashe, na uliandike kwenye fstab, orodha ambayo kompyuta huisoma kila ikiwaka, la sivyo kesho litakuwa limezimika tena. Akifungua sura zote itajikokota kidogo, lakini haitaziangusha ovyo. Na usithubutu kumfundisha kufungua moja moja, mwache na mtindo wake.

Halafu ifungue programu ya kuandikia. Mara nyingi huweka nakala ya dharura na itakuuliza kama uirudishe, kubali. Isipokuwepo, mwombe baba akusimulie siku hiyo, wewe uchape. Huenda ukasikia na yale aliyoona haya kuyaandika.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla hujaugusa ule mtandio, keti naye umwambie kwa mdomo wako: "Baba, vidole vyako ni vizima. Ni mimi." Atakugombeza, mwalimu ni mwalimu, vumilia. Ukishamaliza kazi yako, urudishe mtandio ulivyokuwa, umvutie kiti, na umwachie yeye mwenyewe aufunue.