Nusu Iliyobaki kwa Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeandika sentensi moja, nikaifuta. Mhariri kapiga simu tena: anataka maiti mapema kwenye hadithi yangu, eti wasomaji wa leo hawana subira. Nikamwambia sawa. Kisha nikajitupa kwenye kochi na riwaya ya zamani niipendayo, ile ya mabibi wa majumba makubwa na glavu zao. Sura nzima watu wanakunywa chai tu! Na bado roho juu. Mama mwenye nyumba kammiminia kila mtu, kamruka mgeni mmoja. Kwa hilo tu, mgeni kaisha. Mimi ningehitaji panga.

Alhamisi, 7 Machi

Kutwa sijasikia sauti ya mtu ila muuza maziwa. Kaniambia nimekonda. Nikafurahi kuambiwa kitu.

Nasoma kwa choyo, kidogo kidogo, maana kitabu chenyewe ni nusu. Mimi na wifi tulikikata katikati kwa kisu cha jikoni, mwaka ule tulipokigombania. Mume wangu akatuita wachinjaji. Tangu hapo ikawa desturi: mmoja na nusu yake, mwingine na yake, tunabadilishana, halafu tunawasengenya watu wa kitabuni kama majirani. Nusu ya pili iko kwake.

Jumapili, 10 Machi

Nimeimaliza nusu yangu. Inakatikia pale binti mkubwa anaposikia gari la farasi uani. Mwisho naujua, nimeusoma mara chungu nzima. Lakini kuujua si kuusoma.

Wifi anakaa mtaa wa pili tu. Hatujasemeshana tangu msiba wa mume wangu. Aliwaambia watu kaka yake anazikwa, mkewe hana hata chozi. Nikamjibu mbele ya watu hao hao: kulia si ngoma ichezwe kwa watazamaji. Kitabuni mambo haya huisha kwa ziara fupi, kofia kichwani. Nani aanze? Mkubwa ni yeye. Mwenye shida ni mimi.

Jumanne, 12 Machi

Nilivaa, nikafika hadi kona yake. Fundi viatu wa pale kaniita — mama, umepotea sana! Nikanunua dawa ya viatu, nikarudi. Nyeusi. Viatu vyangu vyote vya kahawia.

Nimemkumbuka wifi yangu. Basi, nimesema.

Jumamosi, 16 Machi

Yupo! Yuko sebuleni, naandika jikoni nikingoja maji yachemke. Kapiga hodi na gauni lake la kutokea, mkoba mkononi. Tukasalimiana kama watu kwenye foleni ya benki. Hakuja kukaa, kasema. Kafuata nusu ya kwanza, yake kaimaliza zamani.

Nimpe, aende zake?

“Sijaimaliza, wifi.”

Kakitazama kitabu mezani. Utepe wangu uko ukurasa wa mwisho kabisa. Kauona — nami nimemwona akiuona.

“Siku hizi unasoma polepole,” kasema. Kisha kaweka mkoba chini, kaketi. “Haya, maliza. Nitangoja.”

Maji yamechemka. Nimepanga vikombe kwenye sinia: changu, chake, na cha tatu. Kwa mazoea! Mkono wenyewe umekitoa kabatini.

Sasa ndiyo yanakuja, machozi haya, sasa! Anauliza kama nahitaji msaada. Kiti kimesogea, viatu vyake vinakuja huku, na kikombe cha kaka yake bado nimekishika —