Rupia Nyeusi ya Dada Agneta

Uyole, Mbeya
Jumapili alasiri

Mama yangu,

Kamwene. Na shikamoo juu yake, maana ukipewa moja bila nyingine unasema shule imetuharibu. Naomba barua hii ikukute umekaa chini, goti limepoa, na si umeinama juu ya masufuria. Faraja anaendeleaje? Kile kikohozi cha asubuhi kimekwisha? Mwambie mama yake mdogo huku Uyole amesema asivue soksi kwa sababu tu jua limechomoza.

Mimi mwili ni mzima. Mvua za huku hazijui kupumzika. Shambani tunaingia na mabuti hadi magotini na kutoka na tope hadi kiunoni. Kazi yangu bado ni ile ya kuchagua viazi vya mbegu: kushika kimoja kimoja, kukigeuza, kutazama macho yake, kuona kama kina doa. Msimamizi anasema mkono wangu ni mzuri ila niko polepole, kwa kuwa naviangalia viazi kama watu waliokuja kuomba kazi. Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Mkataba wangu unakwisha msimu huu ukiisha, na mpaka sasa hakuna aliyeniambia lolote. Chumba ni kile kile karibu na barabara kuu. Lori kubwa likipita, kikombe kinatembea chenyewe mezani.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ninayo. Nimekupigia, Mama, na kila tukifika kwenye habari ya zile rupia za Mjerumani wewe unanyamaza, mimi nanyamaza, kisha tunaanza kuulizana habari za kuku. Kwenye karatasi siisikii pumzi yako, kwa hiyo naweza kufika mwisho. Barua hii nampa Festo, mtoto wa shangazi, anayekuja huko na gari la mbolea. Atakupa na bahasha, na kitambaa kilichofungwa fundo. Kitambaa usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Na kama macho yanakusumbua, akusomee Baba Mdogo, si jirani.

Nianzie Nyololo. Siku ile niliyoondoka nyumbani na rupia zako kifuani, nilishuka pale kama ulivyoniagiza. Nilimkuta mama mkwe wa Dada Agneta yuko peke yake anapukuchua mahindi. Alinipokea vizuri, sitamsema vibaya. Shemeji hajarudi tangu aliposhuka Usangu kulima mpunga na yule mke mpya, na lile shamba la nyuma ya nyumba, alimozikwa Dada, ndugu wa mumewe wamekwisha kumuuzia mtu wa mjini anayepanda paini. Wewe ulipokwenda uliona kamba na mashimo tu. Sasa miche imo.

Mama, kaburi limelala. Mvua imelishusha mpaka limekuwa sawa na ardhi, na msalaba wa mbao umeoza chini, unashikiliwa na majani. Mstari wa miche umepanda moja kwa moja kutoka bondeni, na mche mmoja ulikuwa umesimama juu yake kabisa, pale ambapo nadhani ndipo magoti yake yalipo.

"Wapandaji hawaulizi, mwanangu," mama mkwe akaniambia. "Wanavuta kamba, wanafuata kamba."

Nikaung'oa. Ulitoka bila kubisha, na mizizi yake ilikuwa laini kama nywele za mtoto. Nikabaki nimeushika sijui niutupe wapi. Yule mama akaupokea, akaenda kuupanda pembeni, akaushindilia kwa kisigino, akasema, "Huu nao hauna kosa." Nilikuwa nimekwenda pale nimejiandaa kumchukia. Nikashindwa.

Basi ulisema kweli. Bila saruji, miaka michache ijayo pale patakuwa msitu, na siku Faraja akitaka kuonyeshwa mama yake tutamwonyesha miti. Nilipotoka nyumbani moyo wangu ulikuwa haujakubali kuuza rupia ili tujenge kaburi. Nilipopanda basi Nyololo ulikuwa umekubali, na njia nzima hadi Uyole niliushika mfuko kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Mjini Mbeya nilielekezwa kwa sonara mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko. Ni mzee mfupi, miwani yake ameifunga uzi. Anatengeneza pete za ndoa, na huwanunulia sarafu za kale watu wa mbali wanaozikusanya. Alitandika kitambaa, akaniambia nizipange. Nikazipanga zile tano zilizokuwa zinang'aa, zote zimemlaza juu yule Mjerumani mwenye masharubu na kofia yenye ndege. Akazigeuza moja moja upande wa simba na mnazi.

"Nani kazisugua hizi?"

"Mama."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa zinasafiri."

Akavua miwani akacheka kidogo, lakini si kwa dharau. Akanieleza kwamba wateja wake wananunua ule weusi. Rupia iliyosuguliwa kwao imechunwa ngozi, hawaitofautishi na iliyotengenezwa jana. Hizi zangu angeweza kuzichukua kwa uzito tu, aziyeyushe, ziwe pete za watu.

Nilifikiria sana kama nikufiche hili. Ningekuficha, ungedhani bei imekuwa ndogo kwa kuwa binti yako hajui kuongea na wafanyabiashara, na hilo ningelivumilia. Lakini sonara hakujua ule weusi ulikuwa nini, na wewe unajua. Ulinieleza mwenyewe nilipovunja ungo: rupia zilitolewa mkaja wakati bibi yako anaolewa, mama yake akakataa kuzitumia, akamrudishia binti. Tangu hapo kila mwanamke wa kwetu akishika mimba anashona moja ndani ya kifuko cha kitambaa na kuifunga kiunoni, chini ya nguo, mpaka ajifungue. Hapo ndipo zilipopata rangi. Ya bibi yako, ya mama yako, ya kwako, ya Agneta. Zile mbili zilizobaki ziliwekwa kungoja watu wao, na moja nilijua ni yangu.

Nilikuona asubuhi ile ukizisugua kwa majivu na limau, umekaa kwenye kigoda, mgongo umeupa mlango. Sikukuzuia. Nilidhani ni ile tabia yako ambayo kijiji kizima kinaicheka, ya kuosha jembe kabla hujaliazimisha na kusugua sufuria chini wakati linarudi kwenye moto ule ule. Nimelifikiria tena nikiwa huku. Uliziosha kama ulivyomwosha Agneta, wewe na shangazi, siku mlipomtoa wodi ya wazazi, kwa maji ya uvuguvugu, hata katikati ya vidole vya miguu. Na yeye alikuwa anasafiri. Sasa sina neno la kukuambia juu ya majivu yale, ila kwamba nimeelewa.

Lakini ile ya Agneta hukuigusa. Uliniwekea ikiwa ndani ya kifuko chake, imefungwa kwenye kipande cha kanga kama muuguzi alivyokukabidhi. Sikupanga kuionyesha. Sonara ndiye aliyeliona fundo akauliza mle mna nini, na mimi nikafungua, nikakata mshono kwa mkasi wake. Mama, ni nyeusi kama chungu, ukingoni ina ubuluu kidogo. Masharubu tu ndiyo yanayong'aa, pale palipokuwa panasuguana na kitambaa akitembea.

Yule mzee akavaa tena miwani. Akaisogeza kwenye mwanga kwa ncha ya kidole.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo ninayoitaka." Kisha akataja bei. Ile moja peke yake ilizishinda zile tano zote kwa mbali. Ingetosha saruji na mchanga na fundi, na hata vile vigae vyeupe ulivyoviona kwenye kaburi la mwenyekiti ukasema, laiti. "Aliyeitunza nani?"

"Dada yangu."

"Anajua kutunza. Hana nyingine?"

"Hana," nikasema.

Nikazikusanya zote nikarudi nazo Uyole. Wiki ile nilichagua viazi vibaya, msimamizi akanirudishia gunia zima. Kila nikishika kiazi niliiona ile rupia. Nilijiambia hivi: Agneta yuko Nyololo, hayuko ndani ya kifuko, uza, umjengee. Kisha nikajiambia: kilichoko Nyololo sote tunakijua, na bado mvua moja imetosha kukishusha, joto lake la miezi yote ile limebaki mahali pamoja tu duniani, nami nataka kuligeuza vigae. Na nikaona kuwa akili yangu yote ya shule inaweza kutetea pande zote mbili bila kuchoka, na kwamba haitanisaidia.

Kilichoamua ni kitu kidogo. Nilikumbuka Krismasi ile ya mwisho, jikoni kwetu, mimi nakoroga ugali na yeye amekaa na tumbo lake akimenya vitunguu. Alinivuta mkono akaubana kiunoni pake, juu ya kifuko, akasema, "Sikia, huyu mzee wa masharubu ameweka sikio. Anamsikiliza mtoto." Nikamuuliza, anasema nini? Akasema, "Anasema mama yake mdogo anapika ugali wenye mabuje." Tulicheka hadi ukaja kutufukuza. Wewe hukujua tulichokuwa tunakicheka, na baadaye sikuweza kukuambia.

Faraja hamjui mama yake, Mama. Picha tunayo moja ya harusi, uso umepakwa poda hafanani naye. Kaburi litamwambia mama alizikwa wapi. Hiyo rupia ndiyo peke yake iliyokuwepo wakati wawili hao walipokuwa pamoja.

Jana nilirudi kwa sonara. Nimemuuzia nne kati ya zile zilizosuguliwa: ya bibi yako, ya mama yako, na zile mbili zisizopata mtu, yaani na yangu. Alizimwaga kwenye mizani pamoja na hereni zilizokatika. Niligeuza uso, lakini sauti niliisikia. Fedha iko kwenye bahasha. Nimeongeza kidogo cha kwangu, usinirudishie. Haitoshi vigae. Itatosha saruji, mchanga wa lori dogo, na fundi wa pale pale Nyololo. Mvua zikikata, nenda na Baba Mdogo mkasimame mpaka kazi iishe, mhakikishe ukingo umeinuka juu kiasi kwamba mtu akivuta kamba lazima aizungushe. Mwambie fundi asiandike yeye jina. Saruji ikiwa bado mbichi, liandike wewe kwa msumari. Mkono wako hauko sawa na hilo ni jema, nasi tutajua ni wewe.

Ile ya tano niliitoa kwenye mizani kabla hajapima. Niliitambua kwa lile pengo dogo ukingoni, ambalo wewe mwenyewe hujui lilitoka wapi. Ndiyo ya kwako, uliyoivaa ukiwa na Agneta, kisha ukiwa na mimi. Sonara akaniuliza naipeleka wapi, kwake haina kazi tena.

"Inaweza kurudi kuwa nyeusi?" nikamuuliza.

"Ikivaliwa, miaka. Ila mimi hutanidanganya."

"Si kwa ajili yako, mzee."

Sasa fungua kitambaa. Nimeishonea kifuko kipya kwa kipande cha ile kanga. Ivae, Mama. Najua mila inataka mimba, na najua utasema watu watamcheka mwanamke wa umri wako. Nani atakuona? Haihitaji mimba, inahitaji joto tu.

Na usishtuke ukisikia kutoka kwa Festo kwamba nina uzi kiunoni. Aliuona asubuhi nilipoinama kumpa mzigo mwingine, akaanza kunitania. Sina mimba. Nimeifunga ile ya Agneta. Naogopa ikikaa sandukuni itapoa kabisa, ndiyo sababu. Asubuhi ni baridi, inanishtua, kisha nikiwa nabeba makreti naisahau. Yule mzee wa masharubu anaweka sikio na hasikii kitu kwangu ila njaa. Nitaitunza hivyo mpaka Faraja atakapokuwa na umri wa kuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Siku hiyo nitamwekea mkononi kabla sijamjibu.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie ulanzi wa msimu huu aninywee wangu, asiumwage kwa wageni. Msalimie shangazi aliyekushika mkono siku ile bila kuuachia. Kaka wa kwaya mwambie sauti ya pili bado naiimba huku, ingawa parokia ya hapa wanaimba haraka mno. Mama mkwe wa Agneta naye, ukifika Nyololo, mchukulie sabuni na kilo ya sukari kutoka kwangu. Faraja mbusu utosini.

Ni mimi binti yako uliyebaki naye,

Yustina

Nimesahau jambo moja. Rupia yako ikianza kupata doa, tafadhali, Mama, hii usiioshe.