Tofali la Mzee Emlyn

Lowri, ngoja nikusimulie. Lile gari analojiundia Rhodri limemkosakosa baba yake.

Leo kalifunga breki ya umeme ya kuegeshea. Unabonyeza kitufe, mota inakaza magurudumu taratibu.

Unaujua ule mteremko wetu. Mzee Emlyn akaenda nyuma na tofali lake la kuzuia gurudumu, kama kawaida. Rhodri akamcheka, "Baba, acha ushamba. Hii inajikaza yenyewe."

Akabonyeza, hapohapo akazima swichi kuu ya betri. Si unajua anavyoogopa gari kushika moto. Mota haijamaliza kukaza, umeme hamna.

Gari likarudi nyuma. Lowri, mzee alikuwa ameinama nyuma yake. Ameinama.

Likagota kwenye tofali. Kumbe alikuwa hajamsikiliza mwanawe.

Mzee kaenda kuchemsha chai. Rhodri kakaa chini, kalikumbatia tofali, hataki kuliachia.