Senti ya Elia

Mama yangu,

Huko uliko najua hawatumii senti. Huku nako hatuzitumii tena. Juzi wajukuu zako waliokota senti kumi nyuma ya sanduku lako, ile ya pundamilia yenye kingo za mawimbi, wakaniuliza kama ni kifungo cha koti. Nilicheka, kisha nikakaa kitandani kwako nikalia kidogo.

Wewe ulizijua senti kama ulivyowajua mbuzi wako. Ulitusimulia zile za mkoloni, zenye tundu katikati, ambazo bibi alizitunga kwenye uzi akazifunga kiunoni akienda mnadani. Zikaja zetu za baada ya uhuru: senti tano ya samaki, kumi ya pundamilia, ishirini ya mbuni, sumni, yaani senti hamsini, ya sungura. Sisi watoto wa Misigiri samaki yule hatukumjua ni wa maji gani. Sungura tulimjua hadi mchuzi wake.

Kila Jumapili asubuhi ulitupanga mlangoni, ukamwekea kila mtoto senti kumi kiganjani. Ya mwisho ulibaki nayo wewe. Hiyo ilikuwa ya Elia, kaka yangu, aliyechukuliwa na surua kabla mimi sijajua kuongea. Baada ya msiba watu waliacha kukuita Mama Elia. Wakakuita Mama Neema, kwa jina langu, wakidhani wanakupunguzia uchungu. Baba naye hakulitaja tena jina la mwanawe. Elia akabaki kwenye ile senti tu, nawe uliitumbukiza kwenye kikapu cha sadaka kanisani huku midomo yako ikicheza bila sauti.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Shelui yakajaa mitumba na sabuni za kila rangi, na bei zikakimbia kama zimefukuzwa na nyuki. Senti zikafa moja moja. Mwenye duka akawa anarudisha chenji kwa pipi, watoto wakazichezea senti pamoja na vizibo vya soda. Wewe ulikuwa na kopo zima la senti kumi, ukaendelea kutoa.

Mpaka siku mzee wa kanisa alipokufuata nje baada ya ibada. Hakuwa mtu mbaya, hata kukutazama aliona aibu.

"Mama Neema, benki hawazipokei hizi. Hata chumvi hazinunui."

"Sizileti zinunue chumvi."

"Najua, mama. Lakini tuzipeleke wapi?"

Nilishakuwa na umri wa kuelewa, na niliogopa kwamba sasa Elia amekosa hata pa kukaa.

Jumapili iliyofuata ulibeba yai, umelifunga kwenye pindo la kanga. Desturi yetu unaijua: asiye na fedha hutoa alichonacho, kuku, mtama, viazi, na ibada ikiisha vinanadiwa pale uwanjani. Mnadishaji alikuwa mzee yule yule. Akainua yai juu.

"Hili limetolewa na nani?"

Ukasimama. "Na Elia."

Mzee akasema kwa sauti iliyopungua, "Haya. Yai la Elia. Nani ananunua?"

Baba akainua mkono. Hakuna aliyeshindana naye.

Tangu hapo jina lile lilisikika uwanjani kila Jumapili ambayo kuku wako walikuwa wanataga, na wanawake wakarudia kukuita Mama Elia. Nami nilifurahi kurudishiwa jina langu.

Mama, Jumapili iliyopita nilipeleka mayai mawili. Mnadishaji siku hizi ni kijana asiyetujua. Aliuliza la kwanza ni la nani, nikasema la Elia, wala sikupata shida. La pili lilikuwa lako. Nilifungua mdomo, jina lako likagoma kutoka, maana kulitaja pale ni kukubali kwamba hurudi. Nikasema ni langu. Kisha nikalinunua mwenyewe, nikarudi nalo nyumbani, na mpaka leo liko kwenye bakuli jikoni, sijathubutu kulipika.

Nivumilie, Mama. Wewe mwenyewe ilikuchukua miaka.

Binti yako, ambaye uliitwa kwa jina lake