Majina Yaliyokataa Kutoka

Jumatatu, 3 Machi

Redio inahamia programu mpya ya maktaba ya nyimbo. Ya zamani inafungwa Jumamosi jioni. Mimi sina presha — majina ya wapigaji wote nimeshayaandika humo, nitayahamisha tu. Kaka ndiye aliyenitajia. Alipiga tarumbeta na karibu kila bendi ya mji huu. Santuri inaandika jina la mwimbaji tu. Yeye anajua nani alipiga besi, nani aliitikia. Alikuwa anasikiliza, anataja, mimi naandika. Sasa kiharusi kimemfunga ulimi. Bahati tuliwahi!

Jumanne, 4 Machi

Bahati gani! Nimebonyeza "Hamisha". Yametoka majina ya nyimbo na ya waimbaji, basi. Sehemu ya maelezo tupu! Chini maandishi madogo: leseni yenu hairuhusu kuhamisha maelezo. Maelezo niliyoandika kwa vidole vyangu! Nayaona kwenye skrini, hayatoki. Mali yangu, ufunguo kwa jirani.

Nikamkimbilia shemeji — mume wa mdogo wangu, fundi mkuu wa mitambo hapa redioni. Programu hii ya zamani aliileta yeye. Kasema nitulie, ataongea na wenye programu.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Nimewapigia wenye programu mwenyewe. Dada wa huko mpole, maneno ya asali. Kasema kizuizi kipo tangu siku ya kwanza, fundi wetu alielezwa, akachagua leseni hiyo hiyo. Alijua!! Na ndiye aliyeniambia, "Shemeji, karatasi za nini zama hizi? Mwaga yote humo." Nikamwaga.

Nimemuuliza uso kwa uso. Kacheka! Eti hakudhani kuna mtu atawajali wapiga besi. Mtu anayekula kwangu kila wikendi! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Ijumaa, 7 Machi

Napiga picha skrini kwa simu. Wimbo mmoja, picha moja. Shingo inauma. Nimefika herufi M.

Jumamosi, 8 Machi

Mhasibu kaninong'oneza: shemeji anahama. Anakwenda kuwa wakala wa hao hao wenye programu. Ahaa! Ndiyo maana hata simu hakuwapigia.

Shemeji kanikuta na simu mkononi, nimefika W. Kasema mkataba unakataza hata picha. Nikaendelea kupiga, yeye kasimama hapo hapo. Nimemaliza. Zote ninazo.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji na mdogo wangu wamekuja nyumbani, wote wawili. Nilidhani wamekuja kumjulia hali kaka, nikaweka chai jikoni. Kumbe simu! Eti wenye programu wakijua, kazi yake mpya inaota mbawa. Nifute picha, mbele yake.

Nimejifungia chumbani kwa kaka. Yuko macho, ananitazama ninavyoandika. Najaribu kuzituma picha kwa mhasibu, mtandao unasuasua. Shemeji anagonga. "Shemeji, tusifikishane mbali. Toa hiyo simu."

Huyo nimeshamjua.

Halafu mdogo wangu. Tumbo moja na mimi, tumbo moja na huyu aliyelala hapa. Kwa sauti ile ile ya kubembeleza anayoombea radhi: "Dada, mpe tu, yaishe. Kwani si majina tu?"

Kaka amesikia. Amegeuza uso ukutani.