Mstari Unaoshuka

Kando ya ziwa, Homa Bay
Februari 1998

Mjukuu wangu Cephas,

Hujambo huko Nairobi? Unakula, ama unakunywa chai tu na kusoma? Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua lakini bado yananibeba. Naandika Kiswahili kwa sababu Kijaluo chako kimebaki cha kuomba samaki, na naandika kwa mkono wangu, kwa hivyo usicheke herufi.

Karatasi yako imefika. Umeeleza kwamba nambari nilizosoma kwenye ile fimbo uliyosimika ufuoni, kila tukitoka kanisani, umezipanga foleni ndani ya kompyuta, na hiyo programu yako ya Python ikaweka nukta na kuziunganisha kwa mstari. Mstari mzuri, umenyooka kuliko mitaro ya baba yako. Tena unashuka. Ukasema basi maji ya ziwa yanarudi nyuma, mimi Dani, nyanya yako, nisihamie Uriri, nipande maharagwe.

Shangazi yako Marcella alikuwa ameshanitandikia kitanda huko Uriri. Nilipomsomea barua yako akasema kama msomi amesema, yeye ni nani abishe.

Sasa nisikilize, wewe msomi. Uliuliza maji yamefika alama gani. Hukuuliza hata mara moja fimbo imesimama wapi. Mvua hii ya El Nino ilipokaribia kuifunika, niliing'oa nikaisimika juu zaidi, nambari ikawa ndogo. Maji yakaifuata. Nikaihamisha tena, mbali zaidi, na tena. Mashine yako ilikula nambari tu, haikujua fimbo inatembea.

Lakini usijilaumu peke yako. Mimi nilijua. Nilipenda kuandika nambari ndogo. Nikiiandika, nalala nikiona bado nina boma. Hata karatasi yako niliibandika ukutani, nikaitazama nikaiamini, huku nasikia vyura jikoni.

Leo fimbo iko kando ya kaburi la babu yako, na udongo pale umelowa.

Njoo. Sitaki mstari mwingine. Sitafukuzwa hapa na maji kama kuku. Nitamuaga mzee wangu kwa heshima, halafu nitatoka nikiwa nimekushika mkono.

Wasalimie wenzako wanaokuazima sabuni. Beba sweta, Uriri asubuhi ni baridi. Maharagwe sikupanda.

Ni mimi Dani yako,
Truphena