Chandarua Juu ya Bwawa

Mama,

Bwawa lako halina maji. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeulizia samaki kabla ya kuniulizia mimi. Samaki hawapo. Wameliwa na ndege, na mimi nilikaa kwenye kigoda chako nikawatazama wanavyokula, sikuinua hata jiwe.

Kasirika tu. Mimi nimekasirika tangu tulipokuzika.

Unakumbuka ulivyohangaika nao? Bwawa lilikuwa nyuma ya jiko, pale chemchemi inaposhukia migombani, na ndege wote wa Muyama walikuwa na habari zake. Mdiria anajitupa majini na kutoka na sato mchanga mdomoni kabla hujafungua kinywa. Korongo anasimama ukingoni kama mgeni anayesubiri chakula. Ulifunga nyuzi kutoka ukingo hadi ukingo, ukaning'iniza makopo na vipande vya nailoni. Wakazoea. Asubuhi moja tulimkuta mdiria amekaa juu ya kopo lenyewe. Ulicheka hadi ukashika kiuno, kisha ukamporomoshea matusi ya Kiha ambayo sikujua mzee wa kanisa anayajua.

Mbaya wao alikuwa fundi chuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Nilitaka kumtegea, ukanikataza. "Huyo haguswi. Ukimgusa, nyumba inapigwa radi." Nikaacha, kwa sababu huku kila mtu anaamini hivyo. Radi haikutupiga, Mama. Mbu alitosha.

Mvua zilipoanza ukaja na chandarua. Ulisema umekipata kikuukuu kwa mtu aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tukakitandaza juu ya bwawa, tukakikaza kwa vijiti na mawe, na ndege wakabaki wanazunguka kingoni wamenuna. Ulifurahi kama umejenga ghorofa. Jioni ile ile ulimleta Neema kitandani kwangu. Mjukuu wako alikuwa akilala na wewe tangu alipoacha kunyonya, na ghafla ukasema, "Mtoto huyu ana mateke, nimechoka, lala naye wewe." Alilia sana. Na hana mateke. Nalala naye mpaka leo, hageuki hata ubavu.

Homa ilipokuja ulisema ni uchovu wa palizi. Kila nilipokuletea uji nilikukuta umejilaza mkekani sebuleni, eti chumbani kuna joto. Joto gani, na mvua ile? Siku ulipoanza kumwita marehemu Baba aje akushikie kamba za bwawa, tulikupakia kwenye bodaboda, mshikaki, mimi nyuma nimekukumbatia, mpaka Kasulu. Ulikuwa unaunguza. Daktari akauliza kama unalala ndani ya chandarua. Nikamjibu kwa ukali, "Ndiyo, kila siku," maana niliona anatudharau.

Siku ya maziko watu walikuwa wengi na maharage hayakutosha, wanaume wakaenda kuvua bwawani. Walipokiondoa chandarua na kukitupa nyasini, wifi yako, Shangazi Eliza, akakiokota. Akashika pindo. Pale konani kulikuwa na kiraka cha kitenge cha kijani alichokushonea mwenyewe panya walipokitoboa.

"Yampaye inka!" akashangaa kwa Kiha. "Yusta, hiki si cha kitanda cha mama yako?"

Nilikimbilia chumbani kwako. Juu ya kitanda zilikuwa zinaning'inia kamba tupu.

Kwa hiyo ulijua. Hapo ndipo ninapokwama. Ulijua mbu anaua, ndiyo maana ukamtoa mtoto ukamleta kwangu, na ukabaki wewe, ili sato wasiliwe. Nikikuwaza unalala mle peke yako, unasikiliza mbu, halafu asubuhi unaamka kuhesabu samaki, natamani nikushike mabega nikutikise.

Na unajua waombolezaji walifanya nini? Walikula. Jirani mmoja alinyonya kichwa cha sato mpaka macho, akasema marehemu alijua kulisha samaki. Mimi pia nilikula, Mama. Nilikuwa na njaa, na walikuwa watamu.

Shangazi alitaka chandarua kirudi bwawani, waliobaki wanenepe hadi siku ya kumaliza matanga. "Mwana wanje, aliyekufa amekufa. Tusipoteze na samaki." Nilikichoma pamoja na maganda ya maharage, mbele yake.

Ndege wakarudi kwa furaha. Aliyebaki kuwalinda samaki wako ni Neema. Akitoka shule anachukua sufuria bovu, anagonga, anawafokea kwa maneno yako: "Toka, mwizi! Hawa ni wa baba yako?" Ukimsikia kutoka jikoni, ni wewe. Nilikuwa naziba masikio. Nilijua atachoka.

Hakuchoka. Wiki iliyopita nilirudi kutoka kuuza dagaa Kasulu, nikamkuta amesimama ukingoni, matope mpaka magotini, anacheka. Bwawa limefunikwa vizuri, vijiti na mawe, kama ulivyomwonyesha. Chandarua kilikuwa cheupe, safi. Kilikuwa cha kitanda chetu.

"Mama, nimewafunika samaki wa Bibi. Mimi mbu siwasikii."

Nilimchapa. Nilimchapa yeye na wewe pamoja, na fimbo ilipovunjika nikachukua jembe nikabomoa ukingo wa chini. Maji yakakimbilia migombani, samaki wakabaki wanarukaruka kwenye tope. Shangazi alikuja mbio na beseni, nikamzuia. Sikutaka mtu wa nyumba hii ale hata mmoja. Fundi chuma alifika wa kwanza, akatembea katikati yao taratibu, akichagua. Neema alilia mpaka sauti ikakauka, akaniambia mimi ni mbaya kuliko ndege. Tangu hapo hajanisemesha, na sijamwomba anisemeshe.

Nitalifukia bwawa, nipande magimbi. Nakuaga hapa, Mama. Sijakusamehe, na huenda wewe nawe hujanisamehe, basi tuachane hivyo kwa sasa. Nakupenda na nina hasira na wewe, vyote viwili, kila ninapopita mlango wa chumba chako.

Chandarua chetu nimekifua, rangi ya tope imegoma kutoka. Kila jioni Neema analala amenigeuzia mgongo, nami nachomeka pindo chini ya godoro, upande hadi upande, napitisha mkono kutafuta tundu. Nakuahidi nitafanya hivyo mpaka awe mtu mzima. Atanichukia, lakini atanichukia akiwa hai.

Mwanao,
Yusta